Friji ya Bure na Bei Yake

Wiki hii nakuomba uketi nami kidogo katika darasa la shule moja ya msingi ya serikali hapa Mulago, ambako wazazi tulikusanyika Jumamosi asubuhi kwa mkutano. Shule sitaitaja jina, wala kampuni nitakayoisimulia sitaitaja, maana haja yangu si kumwaibisha mtu. Haja yangu ni jambo lenyewe, ambalo naamini limekwisha kupiga hodi katika shule nyingi, zile zilizo karibu na kambi zetu zikiwemo.

Tulikwisha kuzungumza habari za vyoo na za madawati yaliyovunjika, Mwalimu Mkuu alipovaa miwani yake na kutusomea barua. Kampuni ya vinywaji baridi ilikuwa tayari kuupaka rangi mpya ukuta wote wa shule unaoelekea barabarani. Kutupatia kibao kipya chenye jina la shule. Kuwavisha vijana wa timu ya kandanda jezi mpya. Na kuleta friji kubwa ya kioo kwa ajili ya kantini. Yote haya bila ya kutozwa hata senti moja. Sharti lilikuwa dogo: ukuta, kibao na jezi vichukue rangi za kampuni na jina la kinywaji chake, na kantini isiuze kinywaji cha mwingine kwa muda wa miaka mitano.

Tulipiga makofi. Nami nilipiga, tena kwa nguvu, kwa sababu ukuta wetu umebambuka hata watoto huchimba chokaa kwa vidole.

Ndipo aliposimama mzee mmoja, sajini mstaafu, ambaye mjukuu wake asoma hapo. Akasema, "Mwalimu, nashukuru. Nina maswali mawili tu. Umeme wa friji hiyo atalipa nani? Na maji ya kunywa ya watoto, je, yataruhusiwa kukaa ndani yake?"

Mwalimu Mkuu aliirudia barua taratibu. Umeme ungekuwa juu ya shule. Ama maji, yangeruhusiwa iwapo ni maji ya chupa ya kampuni hiyo hiyo. Darasa likanyamaza. Mwishowe tukakubaliana kwamba kamati ya shule ikutane baada ya wiki mbili, na mzazi yeyote mwenye neno aliandike. Makala haya, ndugu msomaji, ndiyo neno langu.

Shida ni ya kweli

Kwanza nataka kumtendea haki Mwalimu Mkuu. Hakuna mwalimu anayependa kuuza ukuta wa shule yake. Mimi ni mtoto wa elimu ya msingi kwa wote, ile iliyoanzishwa hapa Uganda mnamo Januari 1997. Niliingia darasa la kwanza katika mwaka huo huo, tukiwa wengi hata mwalimu hakuweza kujua majina yetu yote. Baadaye nilisomea ualimu, nikapata cheti, kabla ya kuingia katika kazi ya ofisini. Nayajua mahesabu ya shule ya serikali: chaki, karatasi za mitihani, bati linalovuja. Shule yenye shida namna hiyo haiwezi kulaumiwa ikimtazama kwa furaha mgeni aliyekuja na ndoo ya rangi.

Wala sisemi kwamba soda ni sumu. Soda imo katika harusi zetu, imo katika sherehe za kutambulisha wakwe, na mgeni mheshimiwa akifika nyumbani mtoto hutumwa dukani mbio. Viwanda vyake vimeajiri watu wetu na hulipa kodi. Mtu mzima anayekunywa chupa moja siku ya sikukuu hana kosa kwa mtu.

Lakini kuna tofauti kati ya soda ya sikukuu na soda iliyowekwa mlangoni mwa darasa siku zote za masomo, ikiwa baridi, ikiwaka taa, huku maji ya kunywa yakiwa katika pipa lenye jua nyuma ya jengo. Ya kwanza ni karamu. Ya pili ni mazoea, na mazoea ya mtoto ndiyo ambayo kampuni huyanunua kwa ndoo ya rangi.

Hesabu ya darasa la nne

Hebu tufanye hesabu ambayo mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya. Soda ya kola ya kawaida huwa na sukari ya gramu 10 na ushei katika kila mililita 100. Chupa ndogo ya mililita 300, basi, ina gramu zipatazo 32, nayo chupa ya plastiki ya mililita 500 ina zaidi ya gramu 50. Kijiko cha chai huchukua gramu 4. Kwa hiyo chupa ndogo ni vijiko 8, na ile kubwa ni vijiko 13. Mama gani angetia vijiko 13 vya sukari katika kikombe cha chai cha mwanawe, akamtazama akikinywa?

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ambayo mwili hupata kutokana na chakula, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya nusu ya kiasi hicho. Kwa mtoto wa shule ya msingi kiwango cha juu ni kama gramu 40 kwa siku nzima, pamoja na sukari ya chai ya asubuhi na ya mandazi. Chupa moja ya mililita 500 imekwisha kuvuka mpaka huo, na mtoto bado hajala chakula cha mchana.

Tena sukari ya kunywa ina hila ambayo sukari ya kula haina: haishibishi. Mtoto aliyekula viazi vitamu huacha akishiba. Aliyekunywa soda hubaki na njaa yake, akala kama kawaida, na nguvu zile za ziada hugeuka kuwa mafuta mwilini. Meno huoza, kwa sukari na kwa ukali wa kinywaji chenyewe. Mazoea yakiendelea kwa miaka, mlango hufunguka kwa unene wa kupita kiasi na kwa ugonjwa wa kisukari wa aina ya pili, ambao zamani tuliuhesabu kuwa ni wa matajiri wenye umri mkubwa.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa Uganda mwaka 2014 ulikuta kwamba watu wazima 14 katika kila 1,000 walikuwa na kisukari, na karibu nusu yao hawakujua kwamba wanacho. Wengine watasema 14 ni wachache. Nakubali, nami nashukuru. Lakini uchache huo ndio sababu ya kusema sasa: nchi ambayo bado ina wagonjwa wachache ndiyo yenye nafasi ya kujizuia. Nyumba haizimwi moto baada ya kuwa majivu.

Somo la Mulago

Sisi tukaao Mulago hatuhitaji kwenda mbali kutafuta somo. Kila siku napita karibu na hospitali kuu, iliyoanza kwa udogo mwaka 1913, na mawazo hunijia juu ya mambo ambayo dunia ilijifunza kutoka kilima hiki.

Daktari Hugh Trowell alihudumu Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30, na sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa hapa Mulago. Katika wodi zake aliona utapiamlo mwingi wa watoto. Lakini shinikizo la damu, ugonjwa wa mishipa ya moyo na kisukari aliviona kwa nadra sana miongoni mwa Waafrika wa wakati ule. Mwaka 1960 alichapisha kitabu juu ya magonjwa yasiyoambukiza katika Afrika. Mwaka 1981, pamoja na Denis Burkitt, aliyewahi kuwa daktari wa upasuaji papa hapa, alitoa kitabu kingine kuonyesha kwamba magonjwa haya hufuatana na maisha ya kisasa, vyakula vilivyokobolewa na kusafishwa vikiwa mbele. Yaani, ndugu msomaji, hatukuzaliwa na magonjwa haya. Yalikuja, na njia yalimopitia yajulikana.

Somo la pili lagusa biashara yenyewe. Tangu mwaka 1959 hadi katikati ya miaka ya 1960 profesa wa magonjwa ya watoto hapa alikuwa Derrick Jelliffe. Yeye na wenzake waliwaona watoto wachanga waliodhoofika kwa kunyweshwa maziwa ya unga ya chupa, yaliyotiwa maji mengi yasiyo safi, ilhali mama zao walikuwa na maziwa kifuani. Baadaye Jelliffe aliutungia utapiamlo wa namna hiyo jina lililoudhi wakubwa wengi: aliuita utapiamlo uletwao na biashara. Maana yake ilikuwa nyepesi. Umaskini ulikuwamo na ujinga ulikuwamo, lakini palikuwamo pia picha ya mtoto mnene iliyotundikwa ukutani mwa kliniki, na kopo la bure alilopewa mama akitoka kujifungua.

Jibu la kilima hiki lilikuwa Mwanamugimu. Kituo hiki cha lishe, kilichoanzishwa Mulago katika miaka hiyo ya 1960, kilipata jina lake kutoka methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye afya huanzia katika mbeleko ya mama yake. Kina mama waliolazwa na watoto wao walifundishwa kupika kitobero: chakula cha mchanganyiko, ndizi au viazi pamoja na maharage, karanga au samaki, kikapikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Hawakupewa kopo; walipewa maarifa ya kutumia kile kilichokuwa shambani mwao.

Dunia nayo ilijibu. Mwezi Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa ya badala ya ya mama: kampuni zisitangaze kwa umma, zisitoe sampuli za bure kwa kina mama, wala zisitumie hospitali kuwa mahali pa kunadi bidhaa zao. Nchi 118 zilikubali, na nchi moja tu, Marekani, ilipinga. Uganda ilitunga kanuni zake za sheria juu ya jambo hili mwaka 1997.

Sasa nauliza, nami naomba kila mwanakamati ajiulize. Ikiwa tulikubaliana kwamba kampuni isitundike picha yake katika wodi ya wazazi, kwa sababu mama aliyejifungua huamini kila kilichomo hospitalini, kwa nini itundike picha hiyo hiyo katika ukuta wa shule, ambako mtoto wa miaka 6 huamini kila kilichomo shuleni? Wala swali hili silizushi mimi. Mwaka 2010 Mkutano huo huo wa Afya uliunga mkono mapendekezo kwamba mahali wanapokusanyika watoto, shule zikitajwa, pasiwe na matangazo ya aina yoyote ya vyakula na vinywaji vyenye sukari, chumvi au mafuta mengi.

Ukuta hufundisha

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba kila kitu ambacho mtoto hukiona shuleni ni zana ya kufundishia: chati ya herufi, bustani, hata mavazi ya mwalimu. Kitindamimba wangu bado hajui kusoma, lakini akiona rangi ya chupa fulani huitamka kwa jina bila kukosea. Nani alimfundisha? Si mimi, wala si mwalimu wake. Ukuta, mabango na mwavuli wa muuza duka ndio waliomfundisha, na wao hawana likizo.

Hapa kwetu mashindano ya taifa ya kandanda ya shule za sekondari yalijulikana kwa miaka mingi kwa jina la Copa Coca-Cola. Mashindano yalikuwa mazuri na yaliwatoa wachezaji hodari. Hilo sina budi kulikiri. Lakini tuangalie jinsi jina la kinywaji lilivyofungamanishwa na mbio, jasho na ushindi, hata kijana aone ni jambo la kawaida kwamba mwanamichezo na soda ni ndugu wa tumbo moja. Ninyi askari na polisi mnaokimbia alfajiri mwajua vyema kile ambacho mwili hukidai baada ya mbio. Ni maji.

Marekani, nyumbani kwa kampuni hizi, walitutangulia katika jambo hili, na yafaa tusome katika makosa yao. Mwaka 1997 mamlaka ya shule za mji wa Colorado Springs ilitia saini mkataba wa miaka 10 na Coca-Cola, wenye thamani ya mamilioni ya dola. Mkataba uliweka shabaha ya kuuza katoni 70,000 katika mwaka. Mauzo yalipokuwa chini, ofisa wa mamlaka hiyo aliwaandikia walimu wakuu mwaka 1998 akiwahimiza waziweke mashine za kuuzia mahali ambapo wanafunzi watazifikia siku nzima. Mwaka huo huo, katika jimbo la Georgia, mwanafunzi wa sekondari alisimamishwa masomo kwa siku moja kwa sababu alivaa fulana ya Pepsi siku ambayo shule yake ilikuwa inawakaribisha wageni wa Coca-Cola. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka: mwalimu amekuwa muuzaji, na mwanafunzi aadhibiwa kwa kosa la kibiashara.

Haikuchukua miaka mingi Wamarekani wenyewe wakachoka. Shule za Los Angeles ziliamua mwaka 2002 kuiondoa soda. Mwaka 2005 Ufaransa iliondoa mashine za kuuza vinywaji na vitafunio shuleni. Mwaka 2006 kampuni kubwa za vinywaji zilikubaliana na taasisi ya Rais wa zamani Clinton na Shirika la Moyo la Marekani kuziondoa soda zenye sukari nyingi katika shule za nchi ile. Kama kampuni hizi ziliona inafaa kuondoka katika shule za kwao, mzazi wa Mulago ana haki ya kuuliza kwa nini bidhaa ya namna hiyo hiyo ianze kukaribishwa kwake kwa makofi.

Tufanyeje?

Kwa kamati yetu, na kwa kila kamati itakayopelekewa barua ya namna hii, napendekeza yafuatayo.

Kwanza, mkataba usomwe wote mbele ya wazazi, si faida zake tu. Yaulizwe maswali ya yule sajini: nani alipa umeme, maji yatakaa wapi, na tukibadili nia baada ya mwaka mmoja itakuwaje? Pili, gharama ya rangi ihesabiwe na kugawanywa kwa idadi ya wazazi. Sisi tulipoihesabu pale nje, tukiwa tumesimama chini ya mti, tuliona kwamba mafundi wa rangi wamo miongoni mwetu, na kilichobaki ni kununua makopo. Tatu, tuijibu kampuni kwa adabu: kama inawapenda watoto wetu, tutapokea rangi na jezi zisizo na jina la kinywaji, na tutaishukuru hadharani. Jibu lake litatuonyesha zawadi hiyo ilikuwa ya nani. Nne, kabla ya friji yoyote, liwepo pipa safi lenye kifuniko na bomba, lijazwe maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, likae kivulini mahali ambapo mtoto mdogo alifikia.

Nyumbani nako tuna kazi. Watu wa Kigezi na Ankole wana bushera yao. Watu wa kaskazini na Karamoja wana ukwaju. Chukua ukwaju kikombe kimoja, uroweke katika lita mbili za maji yaliyochemshwa, uuache kwa saa mbili, uufikiche na kuuchuja. Tia sukari isiyozidi vijiko sita vya chai, kisha weka katika mtungi kivulini. Lita mbili za soda zina vijiko zaidi ya 50. Watoto wangu walikunja uso siku ya kwanza. Siku ya nne waligombania kilichobaki.

Mwisho nina neno kwa akina baba walio kazini mbali, maana nalijua jambo hili kwa ndani. Mume wangu ni askari, na kituo chake kiko Karamoja. Kila anapotuma fedha husema katika simu, "Wanunulie watoto soda, waambie ni ya baba." Najua maana ya maneno hayo. Soda ile ni mkono wake ukipita juu ya vichwa vyao. Siku ya kutembelea watoto katika shule za bweni huona mambo yale yale: wazazi wanashuka na kreti begani, kana kwamba miezi mitatu ya kutoonana yaweza kulipwa kwa chupa.

Juzi nilimsimulia habari za mkutano wetu. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema, "Basi wanunulie mapera, waambie ni ya baba." Niliwanunulia. Mdogo aliuliza kama baba ameyachuma mwenyewe huko aliko. Nilimwambia atamwuliza siku atakapokuja likizo.

Kamati yetu itakutana Ijumaa. Barua yangu nimekwisha kuipeleka. Nawe, ndugu msomaji, ukienda katika mkutano wa shule ya mwanao na ukasikia habari ya friji ya bure, usiwe mwepesi wa makofi kama nilivyokuwa mimi. Uliza kwanza maji yatakaa wapi.